Kinachosikika nyuma: rekoda yangu, jangwa la Chalbi na vilima vya Taita

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unapanda basi hadi Nairobi, unaunganisha la Marsabit, kisha unaanza kutafuta gari la kukushusha Chalbi, na safari yote hio ni ya kwenda kurekodi sauti, atakuuliza "kwani kuna nani huko?" Anadhani kuna msanii, au kuna mzee wa kuhojiwa, au kuna harusi ya kienyeji yenye ngoma nzuri. Ukimjibu kwamba hakuna mtu, naenda kurekodi mahali penyewe, upepo wake, wadudu wake, ndege wake na kile kimya chake cha usiku, anakutazama kidogo halafu anauliza bei ya nauli.

Nawaelewa kabisa. Sisi wa mjini masikio yetu yamelelewa kwengine. Hapa Majengo, Mombasa, ikifika alfajiri zinaanza adhana za misikiti mitatu minne zinapishana, inafuata tuktuk ya kwanza, kisha kunguru, kisha jirani anasukuma mlango wa chuma wa duka, bodaboda, mashine ya kusaga, redio ya kinyozi, na kutoka hapo mpaka usiku wa manane huna mwanya. Na bado mtu akikuita jina lako katikati ya soko la Kongowea penye vurugu zote zile utageuka. Sikio la mjini lajua kazi hio vizuri sana, kushika kilicho mbele na kutupa kila kilicho nyuma, na laifanya bila wewe kujua. Shida ni kwamba kile kilicho nyuma ndo mahali penyewe. Sauti ya mtu anayekuita waweza kuisikia popote pale, lakini ile sauti ya nyuma, ya majani ya aina fulani, ya wadudu wa aina fulani, ya hewa ya kimo fulani, iko pale tu, na ikipotea hakuna anayeshtuka kwa sababu hakuna aliyekuwa akiisikiliza.

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Kunguru hawa tunaogombana nao kila siku si wa asili yetu, ni wa Bara Hindi, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na baadaye wakaenea pwani nzima. Kunguru hula mayai na makinda ya ndege wengine, akijaa mtaa, ndege wadogo wanahama ama wanakwisha. Mwaka 2024 serikali kupitia shirika la wanyamapori ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja, na watu wakajadili sumu na uchafu na watalii wanaonyang'anywa chakula mezani, yote ni kweli, lakini mie nilikuwa nawaza alfajiri. Alfajiri ya Mombasa kabla ya kunguru kujaa ilisikika vipi? Kurumbiza walikuwa wangapi mitaani? Sijapata kusikia rekodi hata moja ya alfajiri hio, na nimeulizia. Swali hilo ndo lililonitoa mjini na rekoda begani.

Sasa kwa nini jangwa na milima, mbona si mikoko au bahari ambazo ziko hapa mlangoni? Kwa sababu huko kelele za watu zimepungua kiasi kwamba waweza kusikia tabaka zake moja moja. R. Murray Schafer, yule mwanamuziki wa Canada aliyefariki 2021, alianza mwisho wa miaka ya 60 pale Chuo Kikuu cha Simon Fraser kuwafundisha watu kusikiliza mazingira kama vile mtu anavyosikiliza muziki, sauti zote kwa pamoja na nafasi ya kila moja. Baadaye Mmarekani Bernie Krause, naye mwanamuziki, akazigawa mafungu matatu: sauti za viumbe hai, sauti za ardhi na hewa na maji, na sauti za binadamu na mitambo yake. Mjini fungu la tatu limefunika mengine yote. Chalbi ukienda wakati mzuri fungu la tatu halipo, na la kwanza ni jembamba sana, kwa hivo unabaki na la pili tupu, upepo na ardhi.

Nianze na upepo basi manake kule huwezi kuukwepa.

Marsabit yenyewe ni mlima wa volkano iliyozima, kimo chake kama mita 1,700, juu kuna msitu na asubuhi ukungu mpaka wavaa jaketi, halafu unashuka masaa machache tu unajikuta kwenye tambarare nyeupe ya chumvi na udongo uliopasuka ambayo zamani sana ilikuwa ziwa. Hakuna mti, hakuna kilima cha karibu, jicho linakosa pa kutua. Upepo wa upande ule ni mkondo mkubwa unaobanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda zetu za juu, una nguvu na haukatiki, ndo maana upande wa Ziwa Turkana wakasimamisha ile mitambo 365 ya umeme wa upepo, megawati 310, iliyozinduliwa rasmi 2019. Kwa mwenye rekoda hio ni habari nzito. Upepo ukiigonga maiki moja kwa moja unachopata ni mngurumo wa hewa inayokwaruza kipande cha chuma, hakina uhusiano wowote na ulichosikia kwa masikio yako. Ndo maana maiki huvishwa yale manyoya marefu, ili hewa ipoteze kasi kabla ya kufika, na hata hayo kwa upepo wa Chalbi hayatoshi, unatafuta jiwe, ukingo wa mto mkavu, tairi la lori, chochote cha kujikinga.

Lakini kuna jambo upepo wa kule ulinifundisha ambalo sikulisoma popote, kwamba upepo peke yake hauna sauti. Sauti ni ya kile unachokutana nacho. Ukisimama wazi katikati ya tambarare unasikia masikio yako mwenyewe, ndo kitu pekee kilichosimama pale. Sogea Kalacha penye chemchemi na mikoma, mikoma hio hio ambayo huku kwetu twapata miyaa ya kusukia mikeka, unasikia makuti makavu yakigongana kwa ukali, sauti ngumu, ya juu, karibu ya mbao. Nenda kwenye mgunga wenye majani madogo madogo, upepo ule ule unakuwa mluzi mwembamba wa mfululizo. Kaa chini kabisa, weka maiki karibu na ardhi nyuma ya jiwe, utasikia punje za mchanga zikirukaruka juu ya ganda la chumvi, tik tik tik elfu nyingi, na upepo ukizidi zinaungana zinakuwa mchirizo mmoja. Kwa hivo kurekodi upepo ni kuchagua uurekodi ukipita wapi, na hapo ndo kazi ya mrekodi inapoonekana, manake kila mti na kila jiwe lina jibu lake.

Na seng'enge. Jamani seng'enge! Chukua kile kisahani chembamba cha shaba kinachotoa mlio ndani ya saa za kengele, wanakiita piezo, fundi yeyote wa simu atakuuzia kwa bei ya chai, kiunganishe waya, kiingize kwenye rekoda, halafu kibane kwenye waya wa seng'enge uliovutwa vizuri. Hakishiki sauti ya hewani, kinashika mtetemo wa waya wenyewe. Nilifanya hivo kwenye ua wa bustani moja nje ya Marsabit nikakaa chini na hedifoni sikuinuka mpaka jua limekuwa kali. Waya mrefu wa seng'enge kwa ndani unalia kama besi ya taarab iliyopigwa na mtu mwenye subira isiyoisha, noti moja inapanda polepole upepo ukiongezeka, inashuka ukipungua, na ndege mdogo akitua mita hamsini kutoka kwako unasikia kucha zake. Sababu yake ni kwamba hewa ikipita kwenye waya inaacha nyuma vizingazinga vinavyopokezana juu na chini, vile vizingazinga ndo vinautikisa waya, na kasi ya upepo pamoja na unene wa waya ndo vinaamua mlio uwe mwembamba au mnene. Mtu anapita njia ile miaka na miaka anaona ua tu.

Usiku ni mambo mengine. Watu hudhani jangwani usiku upepo unalala. Kule la, mara nyingi ndo huzidi kuelekea alfajiri, kwa hivo unangoja. Kuna usiku ulitulia. Nilikuwa nimelala nje ya gesti kwa sababu ya joto, mabati yalikuwa yameshamaliza kulia (yakipoa baada ya magharibi yanapasuka pasuka kama mtu anarusha vijiwe, nimerekodi hio pia, naipenda sana), na nikasikia kengele. Kengele ya mti, ile ya kuchongwa wanayomvisha ngamia shingoni, sauti yake haina ukali wa chuma, ni kok kok ya chini. Nikajua iko karibu, labda nyuma ya nyumba. Mzee mmoja Mgabra, watu wa huko wafugaji wa ngamia, aliyekuwa akilinda pale alikuwa macho, nikamuuliza.

"Mzee, hao ngamia wa hapa jirani?"

"Hapana. Hiyo ni ya ndugu yangu. Ako mbali, kesho utaona."

"Umejuaje ni ya ndugu yako?"

"Si unasikia?"

Kesho yake tulipita boma la huyo ndugu yake kwa gari, na lilikuwa mbali kuliko nilivyodhani. Mzee alikuwa anajua ngamia yule kwa mlio wa kengele, na umbali kwa namna mlio ulivyofika. Sayansi yake ni nyepesi kueleza, mchana ardhi ikichomeka hewa ya chini inakuwa moto kuliko ya juu, na sauti inapinda kuelekea juu inakupita, lakini usiku ardhi inapoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti inapindishwa kurudi chini, inateleza juu ya ardhi masafa marefu. Ongeza tambarare isiyo na kizuizi. Kitu kimoja lakini kinapotea njiani, hewa kavu hunyonya zile sauti nyembamba kali zaidi kuliko hewa yenye unyevu, kwa hivo kinachokufikia kutoka mbali ni sehemu nene tu. Kengele ya mti imejaa sehemu hio. Nadhani walioichonga walijua hilo kwa masikio kabla ya mtu yeyote kulipima.

Rekodi ya usiku ule ninayo na ina tatizo ambalo kila anayerekodi jangwani atakutana nalo: mashine inajirekodi yenyewe. Kila maiki ina mvumo wake wa ndani, ssss fulani, na mjini huusikii kamwe kwa sababu mazingira yako juu yake sana. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Jangwani usiku uliotulia unashuka chini ya 20, na ziko sehemu duniani, kama ndani ya kreta ya Haleakalā kule Maui, Hawaii, zilizopimwa kama desibeli 10, ambapo binadamu anaanza kusikia damu yake mwenyewe. Rekoda ndogo za bei ya wastani zina mvumo unaozidi hapo, kwa hivo ukiongeza kiwango ili kushika kimya unapata mvumo wa mashine yenyewe. Ushauri wangu kwa anayeanza, kama una pesa ya kununua kitu kimoja kizuri nunua maiki yenye mvumo mdogo, usinunue rekoda kubwa yenye vitufe vingi. Mipangilio mingine ya rekoda ni ya kawaida, hertzi 48,000 (sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde), biti 24 (usahihi wa kila kipimo), stereo, yakula kama gigabaiti moja kwa saa, kadi ya gigabaiti 32 inakutosha usiku kucha na unabaki na nafasi tele.

Asubuhi kule wanakuja firigogo kunywa maji. Unawasikia kabla ya kuwaona, makundi kwa makundi, saa mbili saa tatu, wanaitana hewani, wanatua, kimya kidogo, wananyanyuka wote kwa pamoja na mabawa yanapiga kelele mara moja halafu basi. Dume analowesha manyoya ya tumbo anabeba maji kwa makinda wake huko jangwani, masafa. Ile sauti ya kunyanyuka ina sekunde chache tu na nimeirudia kuisikiliza zaidi ya kitu chengine chochote nilichorekodi kaskazini.

Wapo watakaoniuliza kuhusu mchanga unaonguruma. Upo kweli, lakini si kila jangwa. Namibia upo, Oman, Morocco, Nevada kule Marekani, na Marco Polo karne ya 13 aliandika kuhusu sauti za jangwani ambazo watu walidhani ni za mashetani. Mchanga ukiwa mkavu kabisa na punje zake zinalingana ukubwa, ukiporomoka upande wa tuta unatoa mngurumo mzito wa hertzi 70 hadi 105 hivi, yaani mitetemo hio kwa sekunde, sawa na ndege inayopita mbali. Chalbi nilikopita mimi ni tambarare, sikuendea hilo.

Sasa Taita. Hii safari kila mtu wa Mombasa aweza kuifanya, treni mpaka Voi, matatu kupitia Mwatate mpaka Wundanyi, ukitoka asubuhi alasiri uko kwenye baridi. Vilima vya Taita ndo mwanzo wa ule mkufu wa milima mikongwe inayoshuka mpaka Tanzania, kilele chao Vuria ni mita 2,208, na juu yake kumebaki vipande vya msitu wa asili, Ngangao, Mbololo, Chawia, vyengine vidogo mno. Ndani ya vipande hivo kuna ndege wasiopatikana popote pengine ulimwenguni, yuko apalis wa Taita, kidege kidogo ambacho kiko kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na yuko yule ndege wa chini chini mwenye kichwa cheusi, ubavu wa rangi ya kutu na mdomo wa machungwa, wanamwita Taita thrush, ambaye anafukua majani makavu sakafuni. Huyu wa pili nimemrekodi akifukua. Kuimba hakuimba. Fyek, fyek, anatupa majani, ananyamaza, anasikiliza, anatupa tena. Kijana aliyenitembeza msituni ndo aliyenishika mkono tusimame, mie nilidhani ni matone.

Manake Ngangao inadondoka. Mvua haikunyesha usiku ule, lakini ukungu unakamatwa na majani na ukoga, unajikusanya, unadondoka kutoka tabaka la juu kwenda la chini, na kila jani lina sauti yake kulingana na upana, jani pana tap, jani dogo tsi. Saa kumi na moja alfajiri ukikaa chini ya miti ile na hedifoni unasikia urefu wa msitu kutoka juu mpaka chini, wausikia kwa matone. Halafu ndege wanaanza, mmoja, kimya, wawili, na kwa muda mfupi hakuna nafasi tena. Sababu moja inayotajwa ya kuimba alfajiri ni kwamba ndo wakati hewa imetulia na wimbo unafika, na kila mmoja ana dirisha lake, mwengine juu kabisa kwa sauti nyembamba, mwengine katikati, hondohondo chini kwa ukelele wake. Hondohondo akipita juu ya miti usimtafute kwa macho, sikiliza mabawa. Vuu, vuu, vuu, hewa inapita kati ya manyoya kwa kishindo, unaweza kufuata njia yake kutoka bonde hili mpaka lile.

Na usiku ni wa perere. Mnyama wa kiasi cha paka mnene, jamaa wa pimbi lakini yeye akaa mitini, na sauti yake ukiisikia mara ya kwanza utasoma dua zote unazojua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wana kituo chao pale Wundanyi, wamewarekodi perere wa vilima hivi usiku na kuandika kuhusu milio yao. Huyu ni mnyama asiyeonekana kabisa, yuko juu gizani, wawindaji wanamfuata, na njia nzuri ya kujua bado yupo kwenye kipande fulani cha msitu ni sikio tu. Mtu na tochi angezunguka wiki nzima. Rekoda iliyofungwa kwenye mti inakuambia kufikia asubuhi.

Tahadhari ya vyombo kwa anayekwenda, unyevu. Maiki nyingi zikipata ukungu zinaanza kukoroma na kupasuka. Mie navitunza vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na nafanya hivo hivo hapa Mombasa, manake hewa yetu ya chumvi ni adui mkubwa kuliko vumbi lote la Chalbi.

Kipande cha rekodi ninachowapigia watu wakiniuliza kazi hii ina faida gani ni hiki. Pale juu kandokando ya msitu wa asili kuna mashamba ya misonobari na mikaratusi, miti ya kigeni iliyopandwa. Umbali baina ya mahali na mahali ni wa kutembea dakika chache tu. Nilirekodi asubuhi huku, kesho yake saa ile ile upande wa pili. Kwa mbali kote ni kijani, picha ya simu haikuonyeshi tofauti, mgeni atasema Taita kuna misitu mizuri. Bonyeza rekodi ya misonobari: mvumo mmoja laini wa sindano kwenye upepo, mzuri kwa kweli, ndege mmoja, kimya kirefu, jogoo wa kijijini. Halafu weka ya Ngangao. Watu wanavua hedifoni wananitazama.

Krause alipata jambo kama hilo kwa namna ya kuumiza zaidi. Kule milima ya Sierra Nevada, California, pana mbuga iitwayo Lincoln Meadow. Mwaka 1988 kampuni ya mbao iliwaambia wenyeji kwamba itakata mti mmoja mmoja kwa kuchagua na mazingira hayatabadilika. Akaomba ruhusa akarekodi alfajiri kabla ya kukata, akarudi mwaka uliofuata tarehe karibu zile zile baada ya kukata. Kwa macho mbuga ilikuwa vile vile. Kwenye rekodi ndege karibu wote walikuwa wameondoka, kumebaki kijito na kigong'ota mmoja. Amerudi mara nyingi kwa miaka mingi na ule wingi wa mwanzo haukurudi. Bila ile rekodi ya kwanza angesema nini, na nani angemwamini? Na huyu huyu Krause mwaka 2017 moto wa California uliteketeza nyumba yake, vitu vya maisha mazima vikaungua, lakini mkusanyiko wa sauti ulipona kwa sababu nakala zilikuwa zimehifadhiwa kwengine. Weka nakala nje ya nyumba yako, tafadhali sana.

Sasa rekodi ya kwanza ya wimbo wa ndege inayojulikana ilifanywa 1889, mtoto wa Kijerumani aitwaye Ludwig Koch, na mashine ya Edison ya mitungi ya nta, ndege mwenyewe alikuwa wa Kihindi kwenye kizimba. Ndege ndani ya nyumba. Na desturi ile imebaki mpaka leo, watu wanarekodi ndege kama mtu anapiga picha ya pasipoti, karibu, safi, kila kitu kingine kimeondolewa. Tovuti ya xeno-canto iliyoanzishwa 2005 ina hazina kubwa ya namna hio na mie naitumia kila wiki kutambua nilichosikia, nawashukuru sana. Lakini wimbo wa ndege ukiwa umechomolewa peke yake haukuambii aliimba na nani, juu ya kijito gani, shoka lilikuwa umbali gani. Nikiwa Ngangao jogoo wa vijijini wanasikika mpaka katikati ya msitu. Zamani nilikuwa nawakata nikihariri. Siku hizi nawaacha, kwa sababu jogoo anayesikika katikati ya msitu anakuambia vizuri kuliko ramani yoyote msitu ule umebaki mdogo kiasi gani.

Ndo hapa nafika kwenye ombi langu, na nimezunguka kote huko ili nilifikie.

Ile alfajiri ya zamani tusiyo nayo huenda ipo majumbani mwetu. Fikiria kanda za kaseti. Miaka ya 70 na 80 watu walirekodi kila kitu, harusi uani, maulidi, kwaya za kanisa zilizoimba nje kule Taita kwa sababu ndani hamna nafasi, barua za sauti ambazo mtu alimtumia mumewe Uarabuni, kakaa barazani asubuhi anaongea na nyuma yake mtaa mzima unaamka. Aliyerekodi alikuwa anashika bwana harusi au imamu au kwaya. Mashine ilishika na nyuma pia, haikuchagua. Nimeshasikiliza kanda moja ya kwaya kutoka upande wa Mbololo, mwenyewe akanipa ruhusa, na baina ya wimbo na wimbo, pale waimbaji wanakohoa na kupanga mistari, kuna ndege wamejaa mpaka waimbaji wanapaza sauti ili wasikilizane. Kanisa lile sasa limezungukwa na mashamba na misonobari. Nimeenda nikarekodi pale pale mlangoni, na nitarudi kila msimu nikijaaliwa.

Kwa hivo kama kwenu kuna kaseti kabatini, ya Mombasa, ya Taita, ya Marsabit, ya popote, usiipeleke kwa fundi wa studio kuisafisha. Wao kazi yao ya kwanza ni kuondoa kelele za nyuma, na programu za siku hizi zinaziondoa kwa kitufe kimoja, hazirudi tena. Kabla ya kuicheza iangalie ukanda haujashikana, usiilazimishe, izungushe taratibu kwa kalamu mpaka mwisho na kurudi. Icheze kwenye deki iliyosafishwa kichwa cha kusomea kanda, unganisha waya moja kwa moja kwenye rekoda au kompyuta, biti 24, usiguse besi wala trebo, na uiache iende mpaka mwisho hata pale pasipoongea mtu, hasa pale. Andika kwenye jina la faili mahali na mwaka kama mwenyewe aukumbuka, na muulize bibi au ami alikuwa amekaa wapi, barazani au ndani, dirisha lilitazama wapi. Kisha niandikie hapa chini. Wiki hii naanza na kanda mbili za shangazi yangu za harusi ya Kibokoni, na deki nimeazima mpaka Jumapili.